Noti zangu za sintaksia simu inazisoma "picha, picha, picha". Nisaidieni

Ticha_wa_Jioni

Hamjambo wadau. Mimi hufundisha Kiswahili katika chuo kimoja hapa Nairobi, ni lekchara wa muda, darasa la jioni, wale wa kutoka kazini wakiwa wamechoka na mimi pia nimechoka. Somo ni sintaksia, yaani muundo wa sentensi, mwaka wa pili. Wanafunzi 74 na mmoja wao haoni.

Nilijua haoni, si ati sikujua. Namwona akiingia na fimbo yake nyeupe na rafiki yake wa hosteli, na nilikuwa nimejiambia bora namtumia noti kwa simu kama wengine, basi kazi yangu imeisha. Wiki jana baada ya darasa akabaki nyuma akaniambia "Mwalimu, hebu sikiza kidogo", akanipa kisikilizi kimoja cha simu yake akafungua ile PDF yangu. Ukurasa wa kwanza: picha. Wa pili: picha. Anatelezesha kidole polepole bila haraka yoyote, picha, picha, picha, mpaka nikamwambia basi nimeelewa. Akasema "ziko 42 mwalimu, nilizihesabu". Na hakuwa amekasirika, hiyo ndiyo ilinimaliza kabisa.

Hizo noti nilirithi kwa mzee mmoja aliyestaafu. Zilipigwa taipu zamani, zikatolewa nakala, nakala nayo ikatolewa nakala, halafu mimi nikazipeleka saiba moja pale Ngara wakaziskani haraka haraka, kurasa zingine zimelala upande kama matatu imeingia mtaroni. Wenye macho wanageuza shingo wanasoma.

Sasa maswali yangu. Kuna njia ya kuzitengeneza bila kuchapa zote 42 upya? Na ile kubwa zaidi, sintaksia ni michoro, ile ya kugawanya sentensi kama matawi ya mti, ukiondoa matawi hujabakisha mengi, sasa mtu asiyeona unampa mchoro wa matawi vipi? Tafadhali msiniambie niende ofisi inayohusika, nilienda, nikaambiwa niandike barua.

---

Bonyeza_H

Mwalimu pole, na asante kwa kuuliza juu wengi hawaulizi, wanangoja mwanafunzi afeli ndio waseme angalau alijaribu.

Mimi sioni tangu nikiwa mdogo. Nilisomea Thika, ile shule ya wasioona ambayo iko tangu 1946, na huko kila kitu kilikuwa Breli, mwalimu anajua, mpishi anajua, hata askari wa geti anajua. Nikaingia chuo hapa Nairobi ndio nikaanza kuishi maisha ya "picha, picha, picha". Kwa hivyo huyo mwanafunzi wako namjua bila kumjua.

Wacha nikueleze tunavyosoma, ukielewa hapo mengine yote yatakuja yenyewe. Natumia NVDA kwa laptopu, ile programu ya kunisomea skrini kwa sauti, ni ya bure, ilianzishwa Australia 2006, na kwa simu natumia TalkBack, kazi ni ile ile. Wewe ukifungua hati unapitisha macho mara moja unajua hapa ni kichwa, hapa ni mfano, hapa ni swali la mtihani. Mimi napata neno moja baada ya lingine kutoka juu. Ila kama vichwa vimewekwa vizuri nabonyeza H, naruka kichwa hadi kichwa, kwa sekunde kumi nimejua hati nzima imekaaje. Sasa nyinyi walimu mnafanya nini, mnachukua sentensi mnaikoza wino mnaongeza saizi mnasema hicho ni kichwa. Kwa macho ni kichwa, kwa NVDA ni sentensi tu kama zingine. Nabonyeza H naambiwa hakuna. Kurasa 42 bila kichwa hata kimoja ni sawa na kuachwa Gikomba usiku uambiwe tafuta duka la vifungo.

Dawa ni kitu kidogo sana. Kwenye Word weka kasa (kile kistari cha kuandikia) kwenye hicho kichwa, bonyeza Ctrl+Alt+1. Kichwa kidogo Ctrl+Alt+2. Basi. Ukimaliza, hifadhi kama PDF ndani ya Word yenyewe, usipitie ile njia ya kuprinti kwenda PDF juu hiyo inafuta vichwa vyote unabaki na maandishi matupu. Au achana na PDF kabisa umtumie Word, mimi binafsi napenda Word.

Kitu kingine ambacho walimu wa Kiswahili hawajui, na nyinyi ndio kinawahusu zaidi. Hati ina lugha. Kama Word yako inadhani unaandika Kiingereza (na karibu zote zinadhani hivyo, ndio maana zinakuchorea mistari myekundu chini ya kila neno), hiyo alama inaenda na hati, na sauti yangu inasoma Kiswahili chako kama mtalii aliyetua JKIA asubuhi ya leo. Nilisoma noti nzima za ngeli kwa hiyo sauti. "Nomino" ilikuwa inatoka "nomaino", na nikasoma hivyo mpaka mtihani, siku ya kujadili kwa kikundi nikasema nomaino watu wakacheka mpaka nikacheka na mimi. Chagua maandishi yote, nenda menyu ya Review, sehemu ya lugha, weka Kiswahili. NVDA ikikutana na hiyo alama inabadilisha sauti yenyewe, na mistari myekundu pia inapungua, umepata faida mbili.

Matawi nitarudi, nashuka Roysambu.

---

Dada_wa_Maktaba

Mwalimu, kuchapa zote 42 usichape. Mimi nafanya kazi maktaba ya chuo kingine, hii ndio kazi yetu kila muhula.

Kile unahitaji ni programu ya kutambua maandishi kwenye picha. Ya bure ambayo uko nayo tayari ni Google Drive, ukipakia hiyo PDF halafu ukiifungua na Google Docs inatoa maandishi. Lakini nikuonye, takataka ikiingia takataka itatoka. Nakala ya nakala ya nakala itakupa kichaa. Kama kuna nakala ya kwanza mahali, hata kama ina vumbi, tafuta hiyo uiskani upya, ukurasa umenyooka, 300 dpi, na ufute kalamu ya risasi kama mtu alipigia mstari, ile mistari inakula maneno.

Halafu LAZIMA usome tena wewe mwenyewe. Hizi programu zinaona "rn" zinaandika "m", na kinyume chake. Ng'ombe anapoteza kile kitone chake anakuwa ngombe. Na kwenye sintaksia ni mbaya zaidi juu KN (kundi nomino) inaweza kutoka KM, na msomaji asiyeona hana pa kuhakikisha, ataingia mtihani na KM yake na utampa sifuri kwa kosa la skana. Sisi huweka watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anaangalia karatasi. Kurasa 42 ni jioni mbili tatu, si mchezo lakini si mwaka pia.

Na kwa sababu umetaja barua, wacha niseme hili halafu ninyamaze. Si hisani unamfanyia. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, imetaja kabisa haki ya mtu mwenye ulemavu kupata habari, na kutumia Breli, lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa. Kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Na kuhusu vitabu, watu huogopa ati hakimiliki. Kenya iliingia mkataba wa Marrakesh 2017, mkataba wenyewe ni wa 2013, na sababu yake yote ni ili maktaba kama yetu ziweze kutengeneza nakala ya kusomeka kwa wasioona bila kwanza kuzunguka kuomba ruhusa ya mwenye kitabu. Kwa hivyo kama una kitabu cha kiada ambacho huyo kijana hawezi kusoma, mlete maktaba ya chuo chenu na uwataje hilo neno Marrakesh, utaona kama watakutuma barua.

---

Mzee_wa_Chaki

Kwa heshima zote. Nimefundisha miaka mingi na nina darasa la watu 300 na zaidi, nasahihisha CAT, ile mitihani midogo ya muhula, kwa meza ya jikoni, malipo ya muhula jana bado. Sasa naambiwa nibonyeze Ctrl sijui nini kwa kila kichwa kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, na pengine muhula ujao hayuko. Sikatai ana haki. Nauliza tu nani anafanya hiyo kazi na analipwa na nani. Chuo kinapenda sana kuandika sera nzuri kwenye tovuti halafu inashuka, inashuka, inatua kwa lekchara wa muda.

---

Bando_Imeisha

Mzee wa Chaki hapo kwa malipo nakuunga mkono mia kwa mia, lakini si mmoja, ngoja nikwambie. Mimi naona vizuri kabisa, shida yangu ni simu ya kukopa na bando ya shilingi ishirini. PDF ya kuskani ya lekchara wetu ilikuwa MB 38. Thelathini na nane!! Ilikula bando ikafika nusu ikakatika. Rafiki yangu akaitengeneza maandishi ikawa kama KB mia tatu hivi, naisoma ndani ya matatu Thika Road, nakuza herufi, natafuta neno nalipata. Kwa picha hutafuti neno, unatafuta macho yako tu.

Na repu wetu wa darasa aache kutuma ratiba ya mtihani kama picha ya ubao wa matangazo, imepigwa kutoka mbali, kuna kidole ndani na kivuli cha mtu. Andika tu maze. "Jumanne saa tatu, ukumbi wa pili." Hiyo hata bibi yangu kule shags ataelewa.

---

Mikono_Inaongea

Mimi ni kiziwi, naandika hapa juu kila mtu anaongea PDF PDF, sisi hatujatajwa, kama kawaida.

Lekchara wetu alianza kurekodi masomo kwa video anatuma, watu wakafurahi sana. Mimi nikaona midomo. Nikawasha yale maandishi ya kujitokeza chini ya video, wueh, yeye anafundisha kwa Kiswahili na maandishi yamewekwa yasikie Kiingereza, kwa hivyo mashine inakazana kutafuta Kiingereza ndani ya "viambishi tamati". Kile kilitoka ni kama mtu amechanganya menyu ya hoteli na tangazo la kifo. Niliangalia dakika arobaini nikijaribu kukisia.

Kile kilinisaidia si teknolojia kubwa. Nilimwomba anipe karatasi anayosoma, kwa sababu kumbe alikuwa anasoma karatasi! Tukaiweka kama manukuu, mwingine kwa darasa akaipanga na muda, ikakaa. Sasa anatuma karatasi kabla ya video na darasa lote wanaitaka, hakuna anayekumbuka ni mimi niliomba.

Na mtu asidhani ukiandika kila kitu umemaliza na viziwi. Lugha yangu ya kwanza ni lugha ya ishara ya Kenya, ina sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Kuna wenzangu Kiswahili cha kuandikwa ni lugha yao ya tatu. Mkalimani bado anahitajika. Na mkalimani naye apewe slaidi mapema, hawezi kubuni ishara ya "kiunganishi" papo hapo mbele ya watu 74.

---

Bonyeza_H

Nimefika nyumbani, stima iko, wacha nimalize ile ya matawi.

Mwalimu, wewe mwenyewe una jibu na hujui. Shule ya upili walitufundisha kuchanganua sentensi kwa njia tatu, si ndio? Matawi, jedwali, na mishale. Matawi ni ya macho. Mishale ni ya masikio! Chukua "Mtoto mdogo alinunua maziwa jana". Badala ya mchoro andika hivi (S ni sentensi, KN kundi nomino, KT kundi tenzi, N nomino, V kivumishi, T kitenzi, E kielezi):

S = KN + KT
KN = N + V
N = mtoto
V = mdogo
KT = T + N + E
T = alinunua
N = maziwa
E = jana

Nimeweka alama ya kulingana badala ya mshale kwa makusudi juu mshale wakati mwingine NVDA inausoma, wakati mwingine inauruka, inategemea mtu ameiseti aje. Kama mti ni mrefu sana na unataka ngazi zionekane, tumia namba: S ni 1, KN ni 1.1, KT ni 1.2, N mtoto ni 1.1.1, unaendelea hivyo. Hapo nikisikia 1.2.3 najua kabisa niko wapi kwenye mti, tawi la pili, jani la tatu. Mabano pia yanafanya kazi ila yakizidi manne sauti inakuwa "funga funga funga funga" unapotea.

Na mchoro usiutoe, wenye macho wanauhitaji. Uache hapo, ubofye kwa kitufe cha kulia uandike maelezo ya picha. Maelezo yasiwe "mchoro wa 3". Yaseme kile mwanafunzi anatakiwa kuona, mfano "mchoro matawi wa sentensi iliyochanganuliwa hapa chini". Fupi. Uchanganuzi wenyewe uko chini kwa maandishi, kila mtu anausoma.

Nikiwa mwaka wa kwanza kulikuwa na msichana kwa darasa alinitengenezea mti wa kwanza nilioelewa kwa njiti za kibiriti na gundi juu ya karatasi ya manila. Nikaweka kidole kwa S nikashuka nayo, ikagawanyika, nikasema ALAA. Kumbe ndio maana wanaita matawi. Miezi miwili nilikuwa nimekariri hilo neno bila kujua linatoka wapi. Mwambie rafiki ya huyo kijana ajaribu, njiti za pakiti moja zinatosha sentensi tatu.

@Mzee_wa_Chaki mkubwa, sikubishii kwa malipo. Lakini ile kazi ngumu unayoogopa ni ya kurekebisha, ya mara moja. Ukiandika noti mpya na Ctrl+Alt+1 tangu mwanzo haikuongezei hata dakika, na hiyo ya kurekebisha za zamani ndio chuo kilipe, hapo tusimame pamoja. Na kitu kimoja usisahau kama unaweka CAT kwa mtandao. Zile kwizi za kuburuta neno uliweke kwa kisanduku, ngeli ya KI-VI hapa, ya LI-YA pale, nilikaa na swali moja mpaka muda ukaisha, dakika ishirini zote, nikapata mbili juu ya kumi. Weka swali la kuchagua jibu tu. Na kama ni Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, unaweza kumwongezea mtu mmoja muda bila kugusa wengine, ni sehemu ya mipangilio ya kwizi, haiombi barua ya mtu.

---

Macho_Mawingu

Naongeza kidogo. Mimi nina ualbino, naona lakini si mbali. Slaidi za maandishi ya manjano kwa mandhari nyeupe mnatoa wapi?? Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unasema maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 na mandhari yake, kuna tovuti za bure za kupima, unaweka rangi mbili inakupa jibu. Nyeusi kwa nyeupe haijawahi kumkosea mtu. Na msiseme "makosa nimeweka kwa rangi nyekundu" peke yake, kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja. Weka nyota pia au upige mstari.

---

Ticha_wa_Jioni

Nimerudi baada ya siku tisa, samahani, nilikuwa nasahihisha.

Nakala ya kwanza niliipata! Nilimpigia mzee aliyestaafu, akacheka sana, akaniambia ziko ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Nikaenda kuzichukua nikapewa na chai juu. Nimeskani 12 za kwanza vizuri, nikapitisha Google Docs, na Dada wa Maktaba ulikuwa mkweli, "kirai" imetoka "kiraí" na alama juu kama ni Kihispania, na KN tatu zilikuwa KM. Nilisoma na mwanangu wa darasa la sita, yeye anasoma kwa sauti mimi naangalia karatasi, nikamlipa kwa chipsi. Vichwa nimeweka, lugha nimeweka Kiswahili, matawi yote nimeyaandikia uchanganuzi kwa alama ya kulingana chini. Mzee wa Chaki, kwa saa zangu nimehesabu kama sita, na ndio, hakuna aliyenilipa. Barua nimeandika, nimeweka hizo saa ndani na nimeomba zilipwe. Tungoje.

Jana nikamtumia kijana. Asubuhi nikaamka nikakuta ujumbe wake wa saa saba usiku. Hakuna asante, hakuna habari ya asubuhi. Ameandika: "Mwalimu, ukurasa wa 6, mfano wa pili, 'Yule mzee anatembea polepole', umeandika polepole ni V. Si inafaa kuwa E?"

Nikaenda nikaangalia karatasi ya mzee. Ni V kweli, imepigwa taipu wazi kabisa. Imepita mikononi mwa wanafunzi sijui wangapi wenye macho yao mawili.

---

Bonyeza_H

Hahahaha mpe alama zake mwalimu

---

Ticha_wa_Jioni

Nimempa. Nimerekebisha na darasani nimesema ni nani aliyeliona. Sasa anauliza kurasa 13 hadi 42 zinakuja lini.